Je, Wajua? Kuposa Chuo Kabla Mahari Haijatajwa

Swali la safari hii limetoka kwa mama mmoja wa Kapenguria Road, hapa Loresho. Alinikamata kwa muuza mboga, sukumawiki mkononi, hata salamu hazijaisha. "Mwalimu, kijana wangu ananiambia lazima achague chuo kimoja tu cha Marekani, aombe kabla ya tarehe mosi Novemba, na wakimkubali tumefungwa. Tumefungwa na nani tena, na mkopo wa nyumba hatujamaliza?" Nilimwahidi jibu kwenye ukurasa huu. Haya, Mama, kaa kitako.

Je, wajua kuwa kuomba mapema kuna sura mbili, na inayofunga ni moja tu? Vijana huziita EA na ED. Ya kwanza haina kamba: unapeleka maombi mwanzoni mwa Novemba, jibu linakuja katikati ya Desemba, na ukikubaliwa una nafasi ya kufikiri hadi tarehe 1 Mei. Ya pili ndiyo inayomkosesha mama huyu usingizi. Mwanafunzi anatia sahihi kwamba chuo hicho kikimkubali ataenda, na maombi mengine yote atayaondoa. Mzazi anatia sahihi. Mshauri wa shule naye anatia sahihi. Ni posa hasa: umetuma mshenga kwenye nyumba moja, ukaapa kwamba ukijibiwa ndiyo hutabisha hodi kwingine. Ila katika posa hii, mahari hutajwa siku ya jibu, baada ya kiapo.

Je, wajua kuwa nimekudanganya kidogo? Sura si mbili. Harvard, Yale, Princeton na Stanford zina ya tatu, iliyo katikati. Hazikufungi ukikubaliwa, lakini zinakukataza kuomba mapema katika vyuo vingine vya binafsi vya Marekani. Vyuo vya umma huko ruksa, na vyuo vya nje ya Marekani ruksa pia. Maana yake msichana wa Loresho anaweza kuomba Yale mapema na Oxford katika msimu huohuo bila kuvunja ahadi ya mtu. Wengi hawajui hilo, na wapo walioacha mlango mmoja wakidhani wamekatazwa.

Je, wajua tarakimu zinazowatia watu wazimu? Walioomba Harvard mapema ili waingie mwaka 2024 walikuwa 7,921, wakakubaliwa 692. Hao ni karibu 9 katika kila 100. Waombaji wote wa mwaka huo, wa mapema na wa kawaida, walikuwa 54,008, na waliopata nafasi ni 1,937. Ukiondoa wale wa mapema, waliobaki walipita chini ya 3 katika kila 100. Brown, ambayo yenyewe inafunga, ilichukua kama 14 katika kila 100 ya walioapa mapema, wakati kwa jumla ilichukua 5 tu. Mtoto akikuwekea hesabu hizo mezani saa ya chakula cha jioni, utamjibu nini?

Mjibu hivi: foleni ya mapema haina watu sawa na foleni ya kawaida. Humo mna wanariadha ambao makocha walishawachagua tangu kiangazi. Mna watoto wa waliosoma chuoni hapo, na wengine wenye jina la ukoo kwenye ukuta wa maktaba. Mna pia vijana ambao shule zao zina washauri watatu wa vyuo na chumba chenye kahawa. Ukitoa hao, pengo linapungua.

Lakini haliishi. Mwaka 2003 watafiti watatu, Christopher Avery, Andrew Fairbanks na Richard Zeckhauser, walitoa kitabu kuhusu mchezo huu baada ya kupekua rekodi za vyuo vyenyewe. Waliwalinganisha waombaji wenye sifa sawa, wakakuta kwamba kuomba mapema kulikuwa na uzito wa takriban alama 100 za ziada za SAT, wakati ule mtihani ukiwa na upeo wa 1600. Alama 100 kwa kubadilisha tarehe! Mwanafunzi anaweza kusoma hesabu miezi minne asizipate.

Kwa nini chuo kikupe upendeleo huo? Kwa sababu chuo nacho kina hofu ya kukataliwa. Kila anayekubaliwa Machi anaweza kwenda kwingine, na viti vikabaki wazi. Aliyekula kiapo hana pa kwenda. Kwa hiyo chuo hulipa uaminifu huo kwa kulegeza mlango. Nani asingefanya hivyo? Hata mwenye nyumba wa Kangemi humpendelea mpangaji aliyekuja na kodi ya miezi mitatu mkononi.

Je, wajua kuwa Harvard na Princeton waliwahi kuona aibu? Mwaka 2006 walitangaza kufuta maombi ya mapema, na Chuo Kikuu cha Virginia kikafuata njia hiyo. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: mtindo huu unawanufaisha wenye nacho. Walingoja wengine wafuate. Wengine wakanyamaza, wakaendelea kuchuma wanafunzi wazuri Desemba. Mwaka 2011 Harvard na Princeton wakarudi kimyakimya mezani.

Na wajua ulikoanzia? Katika miaka ya 1950 Harvard, Yale na Princeton walikuwa wakizijulisha shule chache za bweni za matajiri, mapema kabisa, mtoto gani ni A, gani ni B, gani ni C. A ilimaanisha panga sanduku lako. Hakuna shule ya Kiafrika iliyopata barua hiyo, na hata Wamarekani wengi hawakujua kwamba ipo.

Sasa tuje kwenye mahari, maana hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea.

Vyuo hivi kwa gharama zote, yaani karo, malazi na chakula, hupita dola 80,000 kwa mwaka. Zigeuze ziwe shilingi mwenyewe, mimi mkono unatetemeka. Hakuna anayekulazimisha kulipa zote ikiwa chuo kina msaada wa karo, lakini vyuo havifanani katika kutoa. Vingi, mwombaji akitoka nje ya Marekani, hutazama kwanza mfuko wa mzazi kabla ya kuamua: wawili wakilingana, asiyehitaji msaada anaweza kupita. Vichache sana hufumba macho, vikachagua mtoto kwanza halafu vikajaza pengo lote la fedha. Orodha ni fupi mno, hata mama wa Kapenguria Road anaweza kuibandika kwenye friji: Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin tangu 2022, na Brown kuanzia walioingia 2025. Vipo vingine vichache vilivyojiunga hivi karibuni, lakini hivi vinane vinatosha kwa somo letu.

Itazame orodha hiyo tena. Harvard, Yale, Princeton na MIT hazifungi. Amherst, Dartmouth, Bowdoin na Brown zinafunga. Nne kwa nne. Katika zile nne za kwanza huna cha kupoteza isipokuwa usingizi. Katika zile nne za pili umeapa, lakini umeapa kwa watu walioahidi kutokuacha na deni usiloliweza. Nje ya hapo, ukiapa kwa chuo kinachopekua mfuko na ambacho hakijaahidi kujaza pengo, umenunua mbuzi ndani ya gunia, na gunia lenyewe la dola.

Je, wajua kuwa kiapo kina mlango wa dharura? Chuo kikikukubali na msaada kilichokupa hautoshi kweli, unaruhusiwa kujitoa, na hakuna askari atakayekuja Loresho na pingu. Si mkataba wa mahakamani. Hata hivyo mlango huo ni wa dhiki ya fedha, si wa kubadilisha moyo. Na ukijitoa umeshapoteza kitu kimoja: ofa nyingine za kulinganisha nayo. Anayeomba kwa kawaida anaweza kupata barua tatu mwezi Machi, akazipanga mezani, akakiandikia chuo anachokipenda kuwa kwingine wamempa zaidi. Aliyeapa ana barua moja. Utapigania bei na nani?

Hapo ndipo utaona kwa nini swali la kuomba mapema halina jibu moja hata katika mtaa mmoja. Loresho tunaishi tumebanana na majirani wa kila hali. Juu kuna nyumba zenye ukuta na mibogenvilia. Bondeni kuna Kibagare na mabati yake. Kusini Kangemi inaanza, pamoja na Waiyaki Way na honi zake. Mtoto wa ukutani anayelipiwa karo yote anaweza kuapa bila kupepesa jicho, maana kulinganisha ofa hakumhusu. Mtoto wa bondeni, mwenye akili ileile, ana kila sababu ya kutaka barua tatu. Upendeleo wa mapema unamwendea nani, basi? Wale wa Harvard mwaka 2006 hawakuwa wamekosea hesabu.

Je, wajua karatasi inayochelewesha Wakenya kuliko insha? Ni P9. Fomu za msaada zinataka ushahidi wa kipato cha wazazi wote wawili. Mwajiriwa hutoa P9 ya mwajiri wake na risiti ya KRA, haya, imekwisha. Lakini baba mwenye duka la vipuri Kangemi, matatu ya kugawana na shemeji, na ekari mbili za chai za urithi ambazo hati bado iko kwa jina la babu? Huyo anahitaji wiki tatu, na barua ya chifu juu. Anayetaka kuomba mapema aanze na karatasi hizo Agosti. Insha ya maneno 650 inaweza kuandikwa usiku mmoja wa uchungu, lakini P9 ya kampuni iliyofungwa haiandikiki.

Vya harakaharaka sasa. Common App, mfumo unaobeba maombi hayo, ulianza 1975 na vyuo 15 tu. Leo ni zaidi ya 1,000. Mwombaji mmoja anaruhusiwa vyuo visivyozidi 20 humo. SAT kwa watahiniwa wa nje ya Marekani imekuwa ya kompyuta tangu Machi 2023, kwa hiyo penseli za HB zimepumzika. Anayetaka kuomba Novemba mosi kwa kawaida mtihani wake wa mwisho unaofaa ni wa Oktoba. Na saa ya mwisho ya Common App ni dakika moja kabla ya saa sita usiku kwa saa ya mahali ulipo wewe. Aliyeko Nairobi hufungiwa saa saba nzima kabla ya aliyeko New York. Kila mwaka kuna kijana anayedhani Wamarekani wakilala ndipo naye atafungiwa.

Waingereza nao wana mapema yao. Oxford na Cambridge, pamoja na udaktari, meno na mifugo katika vyuo vyao vingi, hufunga tarehe 15 Oktoba saa kumi na mbili jioni ya kwao, ambayo ni saa mbili usiku kwetu. Huwezi kuomba Oxford na Cambridge mwaka mmoja. Lakini kuwahi huko hakuna zawadi: ni tarehe tu, hakuna kiapo wala upendeleo.

Je, wajua kuwa tarehe mosi Novemba ilipangwa na watu wasiowahi kusikia neno KCSE? Siku hiyo mtahiniwa wa kidato cha nne yumo ndani ya mitihani. Ameshafanya za vitendo Oktoba, sasa anaingia kwenye karatasi za nadharia, yuko bweni, hana simu, na mwalimu mkuu ambaye angetia sahihi ya mshauri anahesabu karatasi zilizofika kutoka kwenye kontena. Kumwambia aandike insha kuhusu "changamoto iliyokujenga" ni kumtania. Changamoto iko mezani kwake, ina dakika 120.

Ndiyo maana njia ya Mkenya wa mtaala wa 8-4-4 imekuwa tofauti. Aliyefanya KCSE 2024 alipata matokeo Januari 2025. Akaomba Novemba 2025 ili aingie chuo Marekani katikati ya 2026. Mwaka mzima na zaidi katikati! Wazazi huuona mwaka huo kama aibu: "mtoto wa fulani amekaa tu nyumbani." Mimi nauona kama zawadi pekee ambayo kalenda yetu ilimpa mtoto huyu. Wakati mwenzake wa shule ya kimataifa ya Peponi Road anaandika insha usiku na kufanya majaribio mchana, yeye alama zake zimeshakauka, matokeo ni ya kweli na si ya makadirio ya mwalimu. Kwa huyu, kuomba mapema ni kuzuri kabisa. Ana miezi kumi ya kujitayarisha na hana mtihani unaomngoja.

Na kuna watu walioliona hilo zamani. Mpango wa KenSAP ulianzishwa 2004 na Mike Boit, aliyeleta medali ya shaba ya mita 800 kutoka Olimpiki za Munich 1972, pamoja na mwanahabari Mmarekani John Manners. Miaka ya mwanzo, ukitaka kuchaguliwa, alama zako za KCSE hazikutosha: walikupanga uwanjani Iten ukimbie mita 1,500 ukiwa umeshikiwa saa. Mwenye A na miguu mizuri alikuwa na silaha mbili. Equity nayo, tangu 1998, ilianza kuwachukua wanafunzi bora wa KCSE kufanya kazi katika matawi ya benki wakingoja chuo, na kutokana na mpango huo vijana wengi wameishia katika vyuo vikubwa vya ng'ambo. Kwa wasichana kuna Zawadi Africa, aliyoianzisha Susan Mboya mwaka 2002. Jina hilo la pili tutalirudia hivi punde.

Mtego wa mwaka wa kungoja, tafadhali usome mara mbili. KUCCPS itampangia mtoto chuo wakati huohuo. Barua inatoka, mfano Chuo Kikuu cha Nairobi, kampasi ya Upper Kabete, kilomita chache tu kutoka nyumbani. Aende au angoje? Familia nyingi husema aende, Marekani ikija tutaona. Lakini Harvard, kwa mfano, humhesabu aliyekwisha kusoma mwaka mzima wa shahada chuoni kuwa mwombaji wa kuhamia, na mlango wa kuhamia ni mwembamba kuliko ule wa kawaida. Vyuo vingine vina kanuni zao za aina hiyo. Heri kuandika barua ya kuahirisha nafasi ya hapa, kwa maandishi, na nakala yake ihifadhiwe, kuliko kuanza masomo "ili asikae bure." Kijana aliyeanza bila kuuliza anaweza kujifungia mlango aliouwekea akiba miaka miwili.

Kuhusu KUCCPS yenyewe: hakuna mapema. Dirisha likifunguliwa, aliyeomba alfajiri ya siku ya kwanza na aliyeomba jioni ya mwisho wanapimwa kwa pointi zilezile za kundi la masomo, upeo 48. Chaguo la 1a, 1b na 1c hupewa kozi ile moja au zinazofanana katika vyuo tofauti. Zamani, enzi za JAB iliyoitangulia KUCCPS, fomu zilijazwa shuleni kabla ya KCSE, mtoto akiomba udaktari kwa alama alizoziota. Hiyo nayo ilikuwa aina ya kiapo cha mapema, ila aliyekula hasara alikuwa mwanafunzi peke yake. Siku hizi mtu huchagua akiwa na matokeo mkononi, na sijamsikia yeyote akiililia ile fomu.

Watanzania wana mtindo unaokaribia zaidi huu wa Wamarekani. Tangu 2017 waombaji hupeleka maombi moja kwa moja vyuoni, na Tume ya Vyuo Vikuu husimamia udahili kwa awamu: ya kwanza, ya pili, hata ya tatu. Aliyechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja hutumiwa namba ya siri, athibitishe kimoja, vingine vimwachie. Angalia uungwana wa jambo hilo. Wanakuuliza unamtaka nani baada ya kukuonyesha wote waliokutaka.

Je, wajua kuwa watoto wetu wadogo wameanza kuchagua mapema kuliko Mmarekani yeyote? KCSE ya mwisho ni ya 2027. Kundi la kwanza la mtaala mpya liliingia Gredi ya 10 Januari 2026 na litafika vyuo vikuu 2029. Hao walichagua mkondo, ama sayansi na teknolojia, ama sayansi ya jamii, ama sanaa na michezo, wakiwa Gredi ya 9. Mtu ana miaka 14 au 15, bado anapoteza sweta la shule kila mwezi, ameshaamua kama atakuwa mhandisi.

Sasa lile jina la Mboya. Septemba 1959 ndege iliyokodiwa iliondoka Nairobi na wanafunzi 81 kuelekea New York. Tom Mboya ndiye aliyezunguka Marekani akiomba fedha, na miongoni mwa waliochangisha walikuwa mchezaji wa besiboli Jackie Robinson na wasanii Harry Belafonte na Sidney Poitier. Mwaka uliofuata wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Linalosahaulika ni hili: ndege ile haikuwa ikitafuta vyuo. Wanafunzi walikuwa wameshakubaliwa na wengine kuahidiwa ufadhili. Walichokosa ni nauli. Barua za kukubaliwa zilikuwa zimekaa sandukuni Nairobi, zikielekea kuwa karatasi za kufungia karanga.

Na wajua kuwa Barack Obama mkubwa hakupanda ndege ile? Watu hubishana vikali kwenye matatu juu ya hilo. Alikwenda Chuo Kikuu cha Hawaii mwaka uleule wa 1959, ila kwa njia yake, akisaidiwa na Wamarekani waliokuwa wakifundisha kusoma na kuandika hapa nchini. Wangari Maathai ndiye aliyenufaika na mpango wa Mboya, mwaka 1960: kutoka Loreto Limuru, juu kidogo ya barabara yetu, hadi chuo kidogo cha masista huko Atchison, Kansas. Hakikuwa chuo cha kugombaniwa. Leo taasisi ya Chuo Kikuu cha Nairobi yenye jina lake iko Upper Kabete, na wanaokesha wakililia vile vyuo vinane vya kwenye friji hupita karibu nayo kila siku.

Amherst, kwa wapenda siasa: ndiko alikosoma Uhuru Kenyatta. Mwaka 2021 chuo hicho kilitangaza kuacha kuwapendelea watoto wa waliosoma hapo. Jirani yangu mmoja akauliza kama tangazo lilimlenga mtu. Nikamwambia Amherst haijui siasa zetu kiasi hicho.

Hoja moja ya kuapa ambayo haitajwi sana ni viza. Aliyekubaliwa Desemba huanza mapema safari ya karatasi za I-20 na miadi ya ubalozi Gigiri. Aliyekubaliwa Aprili huzikimbilia pamoja na umati. Na hoja moja dhidi ya kujifungia chuo kimoja: tarehe 22 Mei 2025 serikali ya Marekani iliitangazia Harvard kwamba haitaruhusiwa tena kusajili wanafunzi wa kigeni. Jaji alilizuia agizo hilo siku iliyofuata, lakini wapo waliolala usiku huo wakiwa na chuo kimoja tu duniani, nacho kimeambiwa kisiwapokee. Aliyekuwa amehifadhi nafasi yake ya KUCCPS kwa barua ya kuahirisha alilala vizuri kidogo.

Mama wa Kapenguria Road, jibu lako ni hili. Kama chuo hicho kimo kwenye ile orodha ya friji, mwache aombe mapema, na wewe utie sahihi. Kama hakimo, na karo hamwezi kuilipa bila msaada, kiandikie chuo kabla ya kiapo, kiulize kwa maandishi kama hujaza pengo lote kwa mwanafunzi wa Kenya. Ukijibiwa kwa maneno matamu yasiyo na tarakimu, mwanao aombe Januari pamoja na wengine. Na kama kijana anaapa kwa sababu tu wenzake wote darasani wameapa, mnyang'anye kompyuta kwa wiki moja, halafu mwulize upya.

La mwisho: je, wajua majibu hufika saa ngapi? Vyuo hupenda kuyatoa jioni yao. Saa kumi na moja jioni ya Desemba kule pwani ya mashariki ni saa saba usiku hapa. Mwaka juzi nilikuwa kwa dada yangu, Kaptagat Road, usiku wa jibu la mpwa wangu. Mbwa wote wa Loresho walikuwa macho, na sisi pia. Stima ilikuwapo, intaneti ilikuwapo, jambo lenyewe la kushangaza. Mtoto akafungua, akasoma, akasoma tena, uso haukusema kitu.

"Ni ndiyo au ni hapana?" dada yangu akauliza.

"Si yoyote, Mama. Wameniahirisha. Wataniangalia tena Machi."

Dada yangu akaitazama saa ya ukutani, kisha akanitazama mimi kana kwamba vyuo vya Marekani ni vyangu. "Yaani wametuamsha saa saba ya usiku watuambie tungoje?" Akaenda jikoni kubandika chai.